Sentimeta Moja kwa Mwaka



Juma hili nataka kuwasimulia habari ya baba mmoja wa upande wa Makere, wilayani Kasulu. Jina lake silitaji, maana hakunituma nimtangaze. Lakini ameniruhusu niseme habari yake kwa faida ya wazazi wengine, huku Kasulu na kule Kibondo, wenye watoto wanaosoma na wenye miti nyuma ya nyumba.

Jumapili moja baada ya Misa alinifuata chini ya mwembe, uso umekunjamana.

"Mwalimu, nisaidie," akasema. "Binti yangu amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro."

"Hongera sana, Baba! Hiyo ndiyo habari ya kukunjia uso?"

"Ngoja kwanza. Wajua anakwenda kusoma nini? Miti! Nimeuza ng'ombe, nimeuza maharage ya misimu mitatu, mama yake amesuka mikeka mpaka macho yanamwuma, ndipo mtoto akamaliza kidato cha sita. Nilitumaini atakuwa daktari pale Kabanga, au walau mwalimu kama wewe. Sasa ananiambia anakwenda kupima miti. Miti si tunayo hapa? Mimi nimezaliwa ndani yake. Ni nani anayelipwa kwa kuhesabu miti?"

Waliosimama karibu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lake ni swali la wazazi wengi. Mtoto akienda kusomea uganga, kila mtu ajua atarudi na nini. Akienda kusomea misitu, watu hudhani atarudi na shoka.

Nilimwomba amwache binti aende, kisha tungoje tuone. Alikubali kwa shingo upande. Akauza ng'ombe mwingine, binti akaenda.

CHUONI WANAFUNDISHWA NINI?

Chuo hicho kipo Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mafunzo ya shahada ya misitu yalianza hapo mwaka 1973, wakati mahali pale palipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki mwezi wa Aprili mwaka uleule.

Msidhani kwamba wanafunzi wa misitu hukaa darasani tu wakinakili ubaoni. Chuo kina misitu yake ya kufundishia. Upo msitu wa Olmotonyi, kwenye mteremko wa Mlima Meru karibu na Arusha, ambako miti imepandwa kwa mistari. Upo msitu wa Mazumbai katika milima ya Usambara ya Magharibi, msitu wa asili wenye ukungu na miti mirefu sana, ambao chuo kikuu kiliupata kwa John Tanner, mwenye shamba la chai. Tena upo msitu wa Kitulangalo, kiasi cha kilometa 50 kutoka Morogoro kwenye barabara ya Dar es Salaam. Huo wa Kitulangalo ni msitu wa miombo, ndugu wa misitu yetu ya Kasulu na Kibondo. Nao umeonja shoka na mkaa kama misitu yetu.

Huko mwanafunzi hushika futikamba kwa mikono yake. Huamka alfajiri, hutembea kwa dira, huchomwa na miiba, huumwa na mbung'o, na jioni hukaa na daftari akipanga hesabu zake. Hatosheki na kuambiwa kwamba mti hukua polepole. Hutakiwa aseme polepole kiasi gani, na athibitishe.

Basi mwaka wa kwanza ukaisha. Mwezi wa Agosti binti akarudi nyumbani kwa likizo. Katika mwezi huohuo mgeni mwingine akaingia pale kijijini.

MNUNUZI WA MBAO

Lazima nieleze kwamba baba huyu ana kipande cha msitu alichoachiwa na babu yake, kiasi cha eka nane, nyuma ya shamba la mihogo. Ndani yake mna miombo, mikurungu michache, na mininga ya kutosha. Mizinga ya nyuki ya mzee mwenyewe imetundikwa humo, na mvua zinapoanza wanawake huokota humo uyoga.

Mgeni yule alikuwa mnunuzi wa mbao. Alizunguka humo nusu saa, akarudi na bei. Alitaka kila mninga usio mwembamba. Alitaka yote kwa mara moja, fedha mkononi. Ilikuwa fedha nyingi kuliko baba yule alivyopata kushika maishani, na ada ya mwaka wa pili ilikuwa inangojewa.

Alinijia jioni. Safari hii alikuwa anacheka. "Mwalimu, Mungu amejibu. Nitakata miti ili nimsomeshe mtoto miti!"

Binti alipopata habari hakupiga kelele wala hakumbishia baba yake mbele ya mgeni. Alipiga magoti kidogo, kama ilivyo desturi, akasema, "Baba, miti ni yako. Naomba siku nne tu. Niache niipime kwanza, ili ujue unauza nini."

Mnunuzi akasema hawezi kungoja siku nne. Baba akaona jambo hilo ni la ajabu. Miti iliyongoja miaka yote hiyo ishindwe kungoja siku nne? Akampa binti siku zake. Mimi nikaenda kuangalia.

SIKU NNE MSITUNI

Vyombo vyake vilikuwa vichache: futikamba ya fundi cherehani, kamba ya katani, fimbo, rangi nyekundu kidogo, na daftari. Mdogo wake wa darasa la sita alikuwa karani wake.

Jambo la kwanza lilikuwa kuujua mti. Binti alisimama mbele ya kila mti akamwuliza baba yake jina. Baba akataja kwa Kiha, mdogo mtu akaandika, kisha binti akaongeza jina la Kilatini. Wazee wetu waliozoea Kilatini kanisani zamani wangefurahi. Mninga huitwa Pterocarpus angolensis, na mtundu huitwa Brachystegia spiciformis. Wataalamu hutumia Kilatini kwa sababu mti mmoja una majina mengi: Muha anauita hivi, Mnyamwezi vile, Mbemba wa Zambia vingine. Kwa jina la Kilatini wote hujua wanasema mti uleule.

Mara mbili binti alikosea, na baba akamsahihisha kwa kukata ganda kidogo na kumwonyesha rangi na harufu yake. "Chuo hawakukufundisha hilo?" akauliza. Binti akacheka, "Mwalimu wetu alituambia tukifika nyumbani tuulize wazee." Nikaona uso wa baba umeanza kulainika.

Jambo la pili lilikuwa kupima unene. Hapimi popote apendapo. Fimbo yake ilikuwa na urefu wa meta 1 na sentimeta 30, yaani kimo cha kifua cha mtu mzima. Husimamisha fimbo kando ya shina, na penye mteremko husimama upande wa juu, kisha huzungusha futikamba pale fimbo inapokomea. Wapimaji wa misitu wa nchi nyingi hutumia kimo hichohicho. Maana shina huwa nene chini na jembamba juu. Ukipima leo gotini na mwakani kifuani, utadhani mti umekonda. Hapo alipopima alipaka mstari mwembamba wa rangi, ili mwakani futikamba irudi palepale.

Kipimo hicho ni mzingo. Ukitaka kipenyo, gawa mzingo kwa 3.14. Mti wenye mzingo wa sentimeta 94 una kipenyo cha sentimeta 30 hivi.

Jambo la tatu lilikuwa urefu. Huko chuoni wana chombo cha kupimia pembe, lakini pale alitumia kijiti, na ninyi mwaweza kujaribu. Nyosha mkono mbele yako, shika kijiti wima, na kijiti juu ya ngumi kiwe na urefu sawa na umbali kutoka jicho lako mpaka ngumi. Rudi nyuma taratibu, penye ardhi ya tambarare, mpaka kijiti kifunike mti kutoka shina hadi kilele. Hapo simama. Umbali kutoka miguu yako mpaka kwenye shina ni karibu sawa na urefu wa mti. Mdogo wake alifurahia mchezo huo mpaka akapima mnara wa kanisa.

Jambo la nne lilikuwa miche na miti michanga. Haiwezekani kuhesabu yote katika eka nane. Basi binti alifunga kamba ya meta 5 kwenye kigingi, akazunguka nayo, na kuhesabu kila mti mchanga ulio ndani ya duara hilo. Alifanya maduara kumi, mahali palipochaguliwa kwa hatua na dira, si kwa kupenda macho. Njia hii ya maduara ndiyo iliyotumika katika upimaji wa misitu ya Tanzania Bara nzima ulioanza mwaka 2009. Wapimaji walipitia maeneo zaidi ya 30,000. Katika duara la meta 15 walipima miti minene tu, na katika maduara madogo ya ndani walipima na ile myembamba, kwa kuwa myembamba ni mingi mno.

Jambo la tano ni kuandika ukweli. Binti alituambia kwamba mtu hodari wa kupima ni yule ambaye akikuta kitu asichokitazamia hukiandika vilevile. Anayekaa kivulini akabuni namba ameharibu kazi ya wenzake wote, hata kama namba zake ni nzuri.

DAFTARI LIKASOMWA

Siku ya nne jioni tulikaa uani. Mama alileta ugali na dagaa. Baada ya kula, binti akafungua daftari.

"Baba, una mininga 61 yenye mzingo wa sentimeta 30 na zaidi. Iliyofika sentimeta 140 ni 9. Iliyo kati ya 100 na 140 ni 20. Iliyobaki 32 ni myembamba. Mnunuzi anataka zile 9 na zile 20."

"Zitabaki 32," akasema baba. "Zitakua."

"Zitakua, Baba. Lakini kwa muda gani?"

Akaeleza hivi. Katika miombo, miti mingi huongeza kipenyo milimita chache tu kwa mwaka. Tukikadiria mzingo uongezeke sentimeta moja kwa mwaka, ndiyo kama milimita 3 za kipenyo. Basi zile 20 za katikati zitafika sentimeta 140 kidogo kidogo katika muda wa miaka 40. Yaani mti mmoja kila miaka miwili.

"Hayo ndiyo mavuno yako, Baba. Msitu huu wakupa mninga mmoja mnene kila miaka miwili. Ukikata miwili leo, umekula mavuno ya miaka minne. Ngoja miaka minne kabla hujakata tena. Ukikata 9, umekula ya miaka 18. Ukikata 29, hakuna wa nyumba hii atakayepasua mbao ya mninga hapa mpaka mdogo wangu huyu awe mzee kama wewe."

Baba akanyamaza. Mama ndiye aliyesema: "Kumbe ni kama mbegu. Tulitaka kula na za kupanda."

Lakini binti hakuwa amemaliza. "Yapo mabaya kuliko hayo. Katika maduara kumi sijakuta mninga mchanga hata mmoja. Huu msitu ni kama kijiji chenye wazee na watu wazima, lakini hakina watoto. Hata usipokata mti hata mmoja, siku moja utakwisha."

MOTO WA MWISHO WA KIANGAZI

Kwa nini hakuna watoto? Mninga una tabia ya ajabu. Mche wake huota wakati wa mvua, na kiangazi shina lake hufa, lakini mzizi hubaki hai chini. Mwaka unaofuata huchipua tena, ukafa tena. Hufanya hivyo miaka kadhaa, hata 10 na zaidi, huku mzizi unanenepa, mpaka ukawa na nguvu ya kurusha shina moja linalokwenda juu bila kurudi. Shina hilo changa likikutwa na moto mkali kabla ganda halijawa nene, mti hurudi mwanzo.

Na huku kwetu, wasomaji wapenzi, twajua moto huwashwa lini. Huwashwa Agosti na Septemba, nyasi zikiwa kavu kama karatasi. Vijana wanawinda, wachungaji wanataka majani mapya, mlina asali anasahau mwenge wake.

Jambo hili limepimwa kwa miaka mingi. Huko Ndola, katika nchi iitwayo leo Zambia, mabwana misitu walianza mwaka 1933 kugawa msitu wa miombo vipande vipande. Kimoja walikichoma kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na umajimaji. Kingine walikichoma mwisho wa kiangazi. Kingine walikikinga kabisa na moto. Baada ya miaka ikaonekana wazi: palipochomwa mwisho wa kiangazi msitu uliharibika ukawa nyasi, palipochomwa mapema miombo iliendelea kuishi na kuchipua, palipokingwa msitu ulisongamana. Angalieni uvumilivu wa watu hao. Walioanza kazi hiyo si wote waliouona mwisho wake.

BABA ALIFANYA NINI?

Hakuifanya kazi ya kishujaa kama ya hadithini. Alikuwa na ada ya kulipa. Mnunuzi alipokataa kununua kidogo, akaenda zake kwa hasira. Baba akaenda kwa serikali ya kijiji na kwa Bwana Miti wa wilaya kuomba kibali, maana kwa sheria ya misitu ya mwaka 2002 miti kama mninga haikatwi ovyo hata kama iko shambani kwako. Akauza miwili tu, minene, mmoja wao ukiwa umeanza kuoza tumboni. Fedha haikutosha. Akauza na dume lake, ambalo alilipenda. Mwaka ule alilima kwa jembe la mkono, na nilimwona mgongo unamwuma.

Nasema hayo ili msidhani kwamba elimu hii huondoa taabu. Taabu ilikuwapo. Lakini safari hii alijua anauza nini na anabakiza nini.

Tena alisafisha njia pana kuzunguka eka zake nane, na mwezi wa Juni uliofuata akachoma nyasi za pembeni mapema, asubuhi yenye umande, vijana wakisimama na matawi mabichi. Moto wa Septemba ulipokuja kutoka upande wa bonde, ulifika kwenye njia ile ukasimama.

Binti aliporudi likizo ya pili, walipima tena. Mwezi ni uleule, maana shina hunywea kidogo wakati wa ukame na kujaa wakati wa mvua. Ukipima kwanza Septemba na mara ya pili Machi, utajidanganya. Safari hii baba mwenyewe ndiye aliyeshika futikamba. Mti wa kwanza: haukuongezeka kitu. Wa pili: nusu sentimeta. Wa tatu: moja na nusu. Walipomaliza yote wakagawa, ikawa sentimeta moja na kidogo.

Baba aliketi juu ya kisiki cha mmojawapo wa mininga aliyouza. "Sentimeta moja!" akasema. "Mwaka mzima wa mvua na jua, sentimeta moja. Na huu niliokata ulikuwa na 143."

Tukahesabu pamoja. Kwa mwendo huo, mti ule ulianza kusimama kabla Wajerumani hawajafika Ujiji. Babu yake aliukuta.

PETE ZA KISIKI

Kisiki kile nacho kilikuwa daftari. Huku kwetu tuna majira mawili tu, masika na kiangazi. Mti hukua wakati wa mvua na kupumzika wakati wa ukame, na kila mwaka huacha pete moja ndani ya ubao. Katika miti mingi ya nchi za joto pete hazionekani vizuri. Lazima kipande cha gogo kisuguliwe kwa msasa mpaka king'ae, ndipo zihesabiwe kwa kioo cha kukuzia. Mwaka 1999 wataalamu walioongozwa na David Stahle wa Marekani walionyesha kwa mininga ya Zimbabwe kwamba pete zake ni za mwaka kwa mwaka. Mwaka 2006 wenzake wakasoma katika pete za mninga habari ya mvua ya Zimbabwe tangu 1796 hadi 1996. Pete nyembamba, mwaka wa njaa. Pete pana, mwaka wa shibe. Mwaka 2001 Valerie Trouet na wenzake wa Ubelgiji walikuwa wameandika juu ya pete za mtundu na ndugu yake katika miombo ya Afrika Mashariki.

Basi twaona kwamba mti tunaoutia motoni pengine unatunza kumbukumbu za mvua ambazo hakuna bwana shamba aliyeziandika.

KAZI HII SI YA WAGENI TU

Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya wasomi." Sivyo. Huko Gombe, katika mkoa wetu huu, Jane Goodall alifika mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Huko Mahale wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walianza mwaka 1965. Je, ni nani waliowafuata sokwe kila siku kwa miaka mingi, mvua na jua, wakiandika? Wengi wao walikuwa watu wa vijiji vya huku. Na karibu na Kitulangalo, wataalamu wa Sokoine waliwafundisha wanakijiji kupima msitu wao wenyewe, nao waliiweza kazi.

Kipimo kina faida kwa kijiji kizima. Sheria ile ya 2002 yaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kufaidika nao, lakini kwanza kiwe na mpango, na mpango hauwezekani bila kujua kuna nini na kinakua kiasi gani. Upimaji wa taifa uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba Tanzania Bara ilikuwa na misitu hekta milioni 48.1, zaidi ya nusu ya nchi kavu, na kwamba kila mwaka zilikuwa zikipotea karibu hekta 373,000. Huku kwetu kuna mashamba mapya, tumbaku inayokaushwa kwa kuni, mkaa wa mjini, na tangu miaka ya 1990 maelfu ya wakimbizi wa Burundi na Kongo ambao nao lazima wapike chakula cha watoto wao. Mahitaji yote hayo ni ya kweli. Kwa sababu hiyo lazima tujue hesabu ya msitu, ili tugawane kwa akili.

KWA WAZAZI

Mtoto wako akipenda miti, usimcheke. Mwenye masomo ya sayansi ya kidato cha sita aweza kuomba Sokoine, Morogoro. Chuo hicho kina na tawi la Mizengo Pinda huko Mpimbwe, mkoani Katavi. Asiyefika huko kuna Chuo cha Misitu Olmotonyi cha astashahada na stashahada, na Tabora kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki. Wala usidhani ni kazi ya wanaume tu. Nimemwona msichana akifunga kitenge chake vizuri, akazunguka na kamba ya meta 5 tangu asubuhi hadi jua kutua.

Na wewe usiye na mtoto wa chuo, anza na miti kumi. Paka alama penye meta 1 na sentimeta 30, andika mzingo na tarehe katika daftari la mtoto wa shule, na mwakani mwezi uleule urudi. Utauangalia msitu wako kwa macho mapya, nakuhakikishia.

Jumapili iliyopita nilimkuta baba yule chini ya mwembe uleule. Wenzake walikuwa wakimtania, "Mzee wa sentimeta! Binti anamaliza lini kuhesabu miti?"

"Anamaliza mwakani," akajibu. "Lakini daftari lake ninalo mimi. Mwezi wa nane ninapima."

Kisha akanigeukia, akaniuliza polepole kama nina futikamba ya kumwazima, maana ya kwake mama watoto ameichukua kushonea.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.